Shimo la Saba

Baba aliziweka risasi zake katika trei ya mayai,
juu ya friji, nyuma ya redio iliyokufa.
Si risasi mpya. Zile zilizokwisha kusafiri,
alizozichokoa kwa kisu chini ya ngozi ya kulungu,
akazisuuza, akaandika kwa penseli kando ya kila shimo:
thelathini na tano. Hamsini. Hamsini na nane.
Yadi, si miaka.

Ile ya thelathini na tano imebapa kama kifungo cha koti.
Ya hamsini na nane bado ina tumbo la mviringo.
"Soma," aliniambia nikiwa na miaka tisa.
"Risasi ikichoka haitanuki. Inapita tu,
kama mgeni aliyekataa kuketi."

Shimo la saba lina tarakimu, halina risasi:
mia moja na kumi.

Hilo hakulisimulia. Nililisikia kwa mjomba Emory:
wiki moja baada ya Krismasi, milima ya kaskazini ya Pensilvania,
dume kubwa ng'ambo ya bonde, na Baba, kijana,
akainua mtutu futi nzima juu ya mgongo wa mnyama.
Risasi ya gobori, yadi hamsini za kwanza huenda kama amri,
hamsini za pili huenda kama ombi.
Alifuata damu siku mbili. Theluji ikaifuta.
Clair Zerbe, mwanamume gumegume kama bunduki yake,
ambaye hakulia mazikoni mwa mama yake,
aliketi kwenye ngazi na barafu ya viatu
mpaka ikawa dimbwi.

Mwaka huu gobori ni langu.
Kiangazi nilipima bonde kwa kamba:
kisiki cheupe, arobaini na mbili;
jiwe lenye kuvu, sitini;
msonobari uliopigwa radi, themanini na nne.
Baruti kwanza, kisha kitambaa chenye mafuta,
kisha risasi niliyoisubu mwenyewe jikoni.
Nikashindilia. Mdeki ukadunda. Tayari.

Dume alitokea kwenye msonobari wa radi.
Akasimama ubavu, pembe kama kiti kilichopinduliwa.
Ingeshuka kiganja kimoja, labda kiganja na nusu,
na upepo ulikuwa ukinisukuma shavu la kushoto.
Ingefika, ndiyo.
Kufika si kuua.
Njoo, nilimwambia kimoyomoyo, hatua ishirini na tano tu.
Akakojolea theluji, akaenda zake.

Saa tisa alasiri, jike, kwenye kisiki cheupe.
Jiwe likagonga chuma, kikaangio kikafoka,
kisha ule muda, nusu ya kope kushuka,
ambao mtu aweza kubadili nia na bunduki haiwezi.
Nikashikilia.
Moshi, ukuta mzima, unanuka mayai viza.
Nilisikia kwato kabla sijaona kitu.

Hatua sitini na tatu. Nilizihesabu.
Alilalia ubavu wa kushoto, ulimi ukigusa theluji.
Risasi ilivunja ubavu mmoja, ikachana mapafu yote mawili,
ikakomea kwenye ngozi ya upande wa pili,
uvimbe mdogo chini ya kidole changu.
Ilikuwa na joto. Lake au langu, sijui.

Baba haoni tena vizuri. Jikoni nilimwekea kiganjani.
Akaipapasa kingo kwa gumba, polepole, 
kama anayesoma barua ya mtu asiyempenda.
"Arobaini," akasema.
"Na mbili."
"Hukuona dume?"
"Nilimwona. Themanini na nne."

Friji ikanguruma, ikanyamaza.
Akaniomba trei. Nikaandika tarakimu yangu kwenye shimo la kumi,
penseli butu, namba mbili ikapinda.
Yeye kidole chake kilikuwa kimekwisha kufika kwenye la saba,
kikizunguka ndani, kikizunguka,
kama mkono unaotafuta swichi
katika chumba cha watu wengine.